Kicheko cha Chini ya Meza

Mwenye redio alichukua kicheko cha mtoto aliyekwisha kuzikwa, akawatangazia watu kwamba ni kicheko cha binti yake. Hilo ndilo kosa lenyewe. Wapo waliolitafutia majina laini, wakasema ni biashara, wakasema ni mambo ya zamani. Lakini mama wa mtoto yule yupo hai, na kwa miaka ishirini na sita, kila saa ilipotimia, alimsikia mwanawe akicheka redioni, na ishirini na miwili kati ya hiyo akiitwa mtoto wa mtu mwingine.

Mama huyo wanamwita Mama Trei. Jina hilo alilipata kabla redio haijawa redio. Wakati huo kituo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Mzee, alikuwa muuza kanda za muziki mwenye mipango mirefu kuliko uwezo wake. Vifaa vya kuzuia mwangwi vilimshinda bei. Akaambiwa trei za mayai zinatosha. Mama Trei, aliyeajiriwa kufagia na kuchemsha chai, akazunguka kwenye mikahawa akiomba trei tupu, akazibandika ukutani kwa gundi moja baada ya nyingine, mpaka darini, mpaka vidole vikashikana. Shuleni hakukanyaga hata siku moja, lakini ukuta ule aliujua trei kwa trei.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka sita, na kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa hautulii walimwita Chiriku. Baba yake alikwenda kutafuta kazi na hadi leo anaitafuta. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alikuja naye kazini, na mahali pake palikuwa chini ya meza ya studio, kwenye gunia lililokunjwa mara mbili. Sheria ilikuwa moja. Taa nyekundu ikiwaka, huongei, hucheki, na hutoki mpaka mama akuambie toka.

Siku ya kurekodi jina la kituo, Mzee alitaka sauti ya kwanza iwe yake. Akarudia mara kumi na tatu. Kila akifika katikati koo linamgeuka, anakohoa kama mbuzi aliyemeza pamba. Mama Trei alisimama pembeni na kikombe cha maji, akiuma midomo asicheke. Mara ya kumi na nne, mbuzi akakohoa tena, na chini ya meza kicheko kikalipuka. Kilikuwa kicheko cha kupanda ngazi, kikaenda juu, juu zaidi, kikaishia kwenye kikwikwi. Kisha sauti ndogo ikauliza, "Mama, nitoke?"

"Bado," Mama Trei akanong'ona. "Kaa hapo hapo."

Mzee aligeuka na macho yamemtoka. Fundi wa mitambo, mtu mwembamba asiyekuwa na haraka, akanyoosha mkono kwenye mashine. Akarudisha kanda nyuma, wakasikiliza. Hasira ikamtoka Mzee usoni kidogo kidogo.

"Rudisha tena," akasema. Na baada ya mara ya tatu: "Hiki ndicho. Sauti yangu tupa kule."

Enzi hizo kanda ilikatwa kwa wembe. Fundi akakibakisha kicheko, sekunde nne, na maneno yaliyofuata yakaanguka sakafuni, kipande cha urefu wa mkono. Mama Trei ndiye aliyekifagia. Hakufikiria lolote. Kilikuwa taka kama taka nyingine.

Wiki ya tatu tangu kituo kianze kurusha matangazo, Chiriku alishikwa na homa. Siku ya nne akazikwa. Waombolezaji walikuwa bado wamekaa uani Mama Trei alipomsikia anacheka nyumba ya pili, halafu ng'ambo ya barabara, halafu kwenye kibanda cha fundi cherehani, mmoja yule yule akicheka pande tatu. Akasimama. Shangazi yake akamshika mkono akamkalisha. Saa nyingine ikafika, akasimama tena.

Akamtuma fundi kwa Mzee, amwombe akinyamazishe walau siku tatu. Fundi akarudi hamtazami usoni.

"Anakupa pole sana, dada. Anasema watu wameshakizoea."

Na kweli walikizoea. Wenye maduka walifungua milango kwa kicheko kile, mama wakaepua vyungu, watoto wakakiigiza njiani. Matangazo ya sabuni, ya mabati, ya mikopo, yote yalitaka kukaa karibu nacho. Kituo kilipotimiza miaka minne Mzee aliketi mbele ya maiki kuwashukuru wasikilizaji. Mama Trei alikuwa nje ya kioo na sinia la chai. Akamwona anamkalisha binti yake mapajani, akamsikia anasema, "Kile kicheko mnachokipenda, mwenyewe ndiye huyu."

Alisubiri taa nyekundu izimike. Akaingia, akaweka chai mezani bila kumwaga hata tone.

"Mzee, yule ni Chiriku."

"Najua, mama." Mzee alikoroga sukari. "Lakini nani ataweka tangazo lake karibu na kicheko cha maiti? Nifikirie na mimi."

Watu wake walimuuliza mara nyingi kwa nini hakuacha kazi. Angewajibu nini, kwamba mtoto wake aliambiwa akae hapo hapo, na mwenye kumwambia ni yeye?

Miaka ikaenda. Kituo kikahamia jengo la vioo, ghorofa ya tano, lenye lifti na mazulia. Trei za mayai zilibaki kule juu ya magodoro, lakini meza Mzee aliibeba, akisema ina bahati. Wafagizi wapya, wasichana wawili, hawakupenda kupitisha mashine chini yake. Walisema zulia pale lina joto, kama kiti ambacho mtu amekiacha sasa hivi. Mama Trei alijua. Sehemu hiyo aliifagia mwenyewe, kwa mkono, akiwa amepiga magoti, na joto hilo lilikuwa la ukubwa wa mtoto aliyekunja miguu. Halikupungua wala halikuongezeka.

Mzee akafa bila kuurekebisha uongo ule. Binti yake akashika kituo, wafanyakazi wakamwita Bosi. Na mwezi mmoja baada ya hapo, saa sita kamili mchana, Mama Trei akiwa anafuta vioo vya mapokezi, kicheko kikapanda ngazi zake kama kawaida, kikafika kwenye kikwikwi, na redio ikauliza, "Mama, nitoke?"

Tambara likamdondoka. Msichana wa mapokezi aliinua kichwa.

"Hilo tangazo jipya? La nini?"

Saa saba swali likaja tena. Fundi, ambaye sasa alikuwa mzee wa miwani, akafungua kompyuta, akapima. Sekunde nne, mwisho wake kikwikwi. Hakuna neno. Akapima mara ya pili. Akaenda stoo akaitoa kanda ya kwanza, yenye alama ya wembe, akaizungusha kwa mkono mpaka mwisho. Hakuna neno.

"Dada," akamwambia, "kipande kile kilikwenda wapi?"

"Nilikifagia mimi mwenyewe. Nikakichoma pamoja na majani ya chai."

Siku ya tatu simu hazikukatika. Wasikilizaji walisema mtoto anawaogopesha. Mwenye duka la nguo alitaka tangazo lake lihamishwe. Bosi akaamuru kicheko kiondolewe. Wakakiondoa, na saa ilipotimia kikaja chenyewe. Ndipo alipomwita Mama Trei ofisini, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Unajua tangu utotoni watu wananiambia nicheke?" akasema. "Harusini, benki, kila ninapokwenda. Nikicheka wanatazamana. Nilimuuliza baba, akasema nilikisahau kicheko changu nilipokua."

"Hukukisahau. Hakikuwa chako."

"Nilijua." Bosi alikuwa anazungusha pete kidoleni. "Nilijua zamani, Mama Trei. Sasa anataka nini?"

"Anasubiri. Nilimwambia bado, sikumwambia toka."

"Basi nenda kamwambie. Nitafungua studio, maiki tutaizima."

"Aliambiwa bado maiki ikiwa wazi. Ataitwa maiki ikiwa wazi."

Bosi akatembea mpaka dirishani akarudi. Alikuwa na uso wa baba yake anapopiga hesabu.

"Useme neno hilo tu," akasema mwishowe. "Usimtaje mtu. Ya nani ni nani nitasema mimi mwenyewe, kwa wakati wake. Nakuahidi."

Mama Trei aliujua wakati wao. Lakini mtoto ni wa kwanza, akakubali.

Saa sita kasoro dakika moja fundi alimkalisha mbele ya maiki. Taa nyekundu ikawaka. Studio ile ya kisasa haina hata upenyo wa sauti ya nje, na kwa ukimya huo alisikia pumzi mbili, yake na nyingine iliyokuwa chini, karibu na magoti. Hakuinama kutazama. Kicheko kikaja, ila hakikutoka kwenye spika. Kilitoka pale kilipotoka siku ya kwanza.

"Mama, nitoke?"

"Toka, mwanangu," Mama Trei akasema. "Mama amemaliza kazi."

Upindo wa gauni lake ukavutwa, kama anavyovuta mtoto anayetafuta pa kujishikia ainuke. Taa nyekundu ikazimika, na fundi nyuma ya kioo aliinua mikono yote miwili kuonyesha kwamba hakugusa kitu. Mlango mzito wa studio, ambao mtu mzima huusukuma kwa bega, ukafunguka nafasi ndogo, ukajifunga taratibu. Mama Trei akapiga magoti, akaweka kiganja zuliani. Palikuwa baridi.

Tangu siku hiyo kicheko hakipo. Hakipo kwenye kompyuta, wala kwenye kanda ya kwanza, wala kwenye simu za watu waliokuwa wamekiweka kiwe mlio. Kila saa ikitimia kituo kinanyamaza sekunde nne, na hakuna fundi aliyeweza kuzijaza. Wakiweka muziki, muziki unaruka. Wasikilizaji wameanza kuuzoea ukimya huo pia.

Mtoto ametoka. Lakini jina lake halijatoka. Mbele ya maiki ile ile, saa sita kamili mchana, Bosi anadaiwa maneno haya: kwamba aliyecheka hapa miaka ishirini na sita ni Chiriku, mtoto wa mfagizi, na si yeye. Alisema atayasema wiki inayofuata. Wiki zimefika kumi na moja. Kila siku saa sita Mama Trei huacha ndoo yake, husimama nje ya kioo, na Bosi akipita huangalia zulia.