Miguu ya Stelingi

Enzi zetu pale Bigwa, mtoto alikuwa na njia moja tu ya kukua: baba yake auawe, yeye atoke mbio. Hayo hatukufundishwa shuleni. Tulifundishwa kwenye banda la video la Anko Side, lililozungushiwa magunia, ambako jenereta lilinguruma kuliko sinema yenyewe na tivii ya chogo ilijaa chenga kila mvua iliponyesha milimani, yaani karibu kila siku. Ninyi mliokula mihogo ya pilipili kwenye giza lile mnaijua sinema ninayoisema, maana zote zilikuwa moja. Mwanzoni kuna familia yenye furaha, inaimba. Ukiona wanaimba sana, ujue baba hana siku nyingi. Adui anafika, baba anaanguka, mtoto, ambaye ndiye stelingi, anapiga ukunga halafu anakimbia. Kamera inashuka kwenye miguu. Miguu midogo, pekupeku, inakimbia, inakimbia, mara imevaa mabuti makubwa! Kamera ikipanda juu unakutana na jibaba lenye sharubu, na banda zima linasimama kushangilia. Stelingi kakua.

Anko Side ndiye aliyetutafsiria. Alidai anakijua Kihindi kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwa Mhindi. Kichina alikijulia wapi, hatukuuliza. Adui akizungumza maneno mengi huku akitoa macho, Anko Side alikunywa chai yake kwanza, kisha akasema, "Anamwambia, leo utakula ugali wa mwisho." Tuliamini kabisa kwamba China nzima inakula ugali.

Mama hakutaka kulisikia banda lile. "Mtaota pembe kwa hizo video!" alikuwa akisema, nasi tulijipapasa vichwa kabla ya kulala. Aliyetuokoa ni Babu. Alikuwa mjomba wake mama, na kwetu sisi Waluguru mjomba wa mama ndiye mwenye ukoo, kwa hiyo Babu akisema jambo, mama alinyamaza. Aliteremka kutoka Kinole kuja kukaa kwetu kwa ajili ya kikohozi chake, akaja na kofia, koti la kijivu linalonukia karafuu, na shauku ya sinema ambayo sijaiona tena kwa mzee yeyote. "Nawasindikiza watoto wasione mambo mabaya," alimwambia mama. Kumbe yeye ndiye wa kusindikizwa. Alikaa mbele kabisa, akimpigia kelele stelingi, "Geuka! Yuko nyuma yako, bwege we!" Na stelingi akigeuka, Babu alituangalia kwa fahari, kana kwamba amesikilizwa.

Mimi nilikuwa mwoga. Kipigo kikizidi, nilijificha ndani ya koti lile. Babu alinitoa kichwa polepole. "Tazama, we mtoto. Stelingi hafi." Akawa analitumia neno hilo kwa kila jambo. Shomari, mtoto wa mama mdogo tuliyelelewa naye, alipoanguka kutoka kwenye mfenesi: stelingi hafi. Nilipougua malaria nikatapika hata maji: stelingi hafi. Na yeye mwenyewe, kikohozi kilipomkunja asubuhi hadi macho yakamtoka machozi, alijifuta, akatukonyeza, akasema hivyo hivyo.

Jioni, wenzetu walipokuwa wakicheza kombolela, mimi na Shomari tulicheza kukua. Mmoja alikimbia, mwingine akashika boksi la sabuni lililotobolewa tundu akaifuata miguu yake kama kamera, halafu akapandisha boksi taratibu hadi usoni. Kila siku tulikuta uso ule ule wenye makamasi. Shomari, aliyekuwa mtaalamu wa mambo haya, alisema tatizo letu ni moja: hatukuwa na msiba.

Ulikuja wakati wa masika. Tulitoka shuleni na matope hadi magotini, tukakuta mabenchi ya majirani uani na kina mama wamejifunga kanga. Mama mdogo alinishika bega. "Babu yenu ametutoka," akasema. Nikacheka. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayemwelimisha mwenzake, "Mama mdogo, stelingi hafi." Akaangua kilio kikubwa, nami nikashangaa watu wazima wanavyoshindwa kuelewa jambo dogo.

Wanaume walipomchukua kwenda makaburini, sisi tulibaki. Ndipo nilipokiona kiti chake mlangoni, kitupu, na kitu kikanikaba kooni. Sikukitaka kitu kile. Nikakumbuka kwamba kwenye sinema hakuna matanga. Stelingi hakai mkekani, haangalii kiti kitupu, hasikii mama yake akilia chumbani. Kilio chote kinaishia kwenye miguu, na yeye anatokea upande wa pili akiwa mkubwa, hana tena donge kooni.

"Tukimbie," nikamwambia Shomari.

Akasita. "Lakini aliyekufa ni babu, siyo baba. Itakubali?"

"Babu si mkubwa kuliko baba? Tutakua haraka zaidi."

Tulitoka mbio, tukapita mashine ya kusaga, tukapita migomba ya jirani, mama muuza maandazi akituita, "Nyie watoto wa msiba, mnakimbilia wapi?" Hatukujibu, stelingi hajibu. Tulikimbia mpaka darajani, mapafu yanawaka, na hapo nikainamisha macho kutazama miguu. Ilikuwa ile ile, ya kwangu, na kidole gumba chenye plasta. Shomari akanisogezea uso. "Ndevu zipo?" Nikamwambia hazipo. "Angalia vizuri!" Nikaangalia vizuri. Kulikuwa na punje ya wali.

Tulirudi tukitembea. Na pale mlangoni, kitini pake, alikuwa amekaa Babu.

Koti lake. Kofia yake. Alitupa mgongo, akakohoa kikohozi chake kile kile cha asubuhi, halafu akafoka kwa sauti yake: "Jamani, nimetoka kidogo tu kwenda kuoga, mmeshanijazia watu uani! Nani kawaita? Chai yangu iko wapi? Na mbona hamniamkii, shikamoo zimekwisha dukani?"

Niliruka benchi zima. "Nilisema! Nilisema stelingi hafi!" Nikamrukia shingoni.

Waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Nilikuwa nimezika uso kwenye koti, na koti lilinukia karafuu, lakini mikono iliyonipokea ilinukia tumbaku. Nikainua kichwa. Chini ya kofia ya Babu kulikuwa na uso wa Mzee Kibwana wa Kinole, mtani wetu, mtu wa ukoo ambao tangu zamani hutaniana na ukoo wetu. Ninyi mnajua mtani anavyofanya msibani: anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anawatukana wafiwa mpaka wacheke, na hakuna ruhusa ya kununa. Mimi sikujua. Ulikuwa msiba wangu wa kwanza, na mzee wa watu hakutegemea kukumbatiwa.

Mtani halii, ndiyo kazi yake. Lakini nilikiona kidevu chake kikitetemeka. Shomari naye, badala ya kunyamaza, akatangaza mbele ya wote, "Tumekimbia mpaka darajani ili tukue, hatujakua!"

Mzee Kibwana akarudi kwenye sauti ya Babu. "Mtakuaje, mnakimbia na njaa? Kaeni hapa mle." Akanivuta mkekani, ubavuni pake. Hapo ndipo donge lilipopasuka. Nililia mpaka koti likalowa, na katikati ya kilio yule mzee akakohoa tena kile kikohozi, nikacheka, kisha nikalia zaidi kwa sababu nimecheka. Sinema zote za Anko Side hazikuwahi kunionyesha kwamba vitu hivyo viwili vinatoka mdomo mmoja.

Watoto wa siku hizi, Mungu awajalie. Binti yangu yuko sekondari, anatazama sinema kwenye simu akiwa amejifunika shuka, peke yake, bila wa kumwambia stelingi ageuke. Na mastelingi wao wanakufa ovyo, hata katikati ya hadithi, hawana adabu! Msiba ukifika anagusa kioo kwa kidole, picha inaruka mbele, anagusa tena, matanga yamekwisha. "Mama, hapa panahuzunisha." Mimi nilikimbia mpaka darajani nikikitafuta hicho kitufe, yeye anacho kitandani. Hata misiba yetu sasa ina sare, ina spika, ina mshereheshaji anayehimiza ratiba, na mtani akisimama anaambiwa afupishe.

Masika haya Mzee Kibwana ametangulia. Tulipanda Kinole mimi, Shomari na binti yangu, tukafika watu wametoka kuzika. Ua ulikuwa kimya, kila mtu anatazama simu yake. Mjane wake, bibi yetu, alikaa mkekani macho makavu, hajalia tangu asubuhi, na watoto wake walikuwa wanamwogopea. Shomari, ambaye sasa ni jibaba lenye sharubu kweli kweli, akanigusa kiwiko. "Dada, zamu yetu. Wewe ndiye mwenye sauti."

Utani haufi na mtu, unakwenda na ukoo. Nikaingia ndani, nikavaa koti la marehemu, kofia yake, na mabuti yake ya shambani, nikatoka nikaketi kitini pake. "Nani kanizimia redio? Mke wangu, umekaa tu, ugoro wangu umempa nani? Au umeshapata mume mwingine?"

Bibi akainua uso. Akacheka mara moja, kwa mshangao, halafu machozi yakamtoka kama mfereji uliozibuliwa, na wanawe wakamkumbatia. Nikamsikia binti yangu akicheka nyuma yao, kisha akilia, hana pa kugusa kioo. Kidevu changu kikaanza kutetemeka. Mtani halii, kwa hiyo nikainamisha kichwa haraka, nikaiona miguu yangu.

Ilikuwa ndani ya mabuti makubwa.

Shomari aliona ninachokitazama. Akainua mikono, akatengeneza boksi la sabuni kwa vidole, akalipandisha taratibu kutoka kwenye mabuti mpaka usoni kwangu, na akabaki hapo, machozi yamemjaa kwenye sharubu. Hakuna aliyesimama kushangilia. Babu angesimama.