Bahasha Niliyomwongezea Golikipa

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa zake mtanipenda bure.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nauza machungwa kwenye geti la uwanja hapa Moshi mjini. Golikipa wetu alijulikana mkoa mzima. Akipita sokoni, akina mama wa ndizi walimshika mikono na kuigeuzageuza, eti waone kama ina gundi. Tukiongoza bao moja na zimebaki dakika tano, watu walianza kuondoka uwanjani, maana yeye yupo golini, basi, kazi imekwisha. Nilimpenda. Sisemi kimchumba, hapana! Nilimpenda kama mtu anavyopenda kitu cha kwao. Kila Jumamosi alinunua machungwa kwangu na hakuwahi kuniomba nimpunguzie.

Mechi ya mwisho ya msimu ule tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Asubuhi alisimama mbele ya meza yangu akaongea na mwanaume mmoja mgeni, mwenye koti. Wakacheka, wakaagana. Sikuona kingine. Jioni, mpira unakaribia kuisha, likaja shuti jepesi ambalo hata mimi na gauni langu ningelidaka. Likampita katikati ya miguu. Tukashuka daraja.

Pale getini watu walilia kama kuna msiba. Mmoja akasema, huyu ameuza mechi. Mwingine akamwambia, acha hizo, una ushahidi gani? Na mimi, mdomo wangu huu, nikadakia kwamba nilimwona asubuhi na mgeni. Wakanigeukia wote. Sijawahi kusikilizwa na wanaume wengi vile maishani mwangu. Wakauliza, alipewa kitu? Nikasema ndiyo, bahasha.

Hakukuwa na bahasha. Niliiongeza kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mtori, mkono unaenda wenyewe.

Kabla giza halijaingia walishapiga mawe nyumba aliyopanga. Wiki haikuisha akahama, akarudi Kirua Vunjo kwenye kihamba cha baba yake, shamba la urithi kule mlimani, akalima kahawa na migomba. Hakucheza tena. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemuuliza. Ilipofika Krismasi nikasikia sokoni kwamba haikuwa bahasha, ulikuwa mfuko mzima. Nikanyamaza. Nikaolewa, nikazaa, nikamzika mume wangu, bado nimenyamaza. Mkitaka kunitukana, tukaneni, nimeshajitukana sana mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya sukari, hospitali ya Mawenzi. Pembeni yangu alikaa mzee amekonda, koti linamning'inia. Nilimtambua kwa ile mikono.

"Shikamoo, meku," nikamwita mzee kwa Kichagga.

"Marahaba, mama wa machungwa."

Jamani, alinikumbuka! Nilitamani benchi linimeze. Tukaongea habari za sukari, dawa, mvua. Kisha akasema figo zake zimechoka, na kwamba mambo yake yote ameshayapanga, shamba ameshagawa, hata pa kumzika ameonyesha.

"Limebaki moja tu," akasema. "Wajukuu zangu wanaambiwa shuleni kwamba babu yao aliuza mechi. Sitaki kufa na hilo."

Alisema hayo akiangalia mlango wa daktari, hakuniangalia mimi.

Kwetu Wachagga, ukimkosea mtu kosa zito, unamletea jani la isale, lile tunalopanda kwenye mipaka ya shamba. Unalifunga fundo, unampa kwa mikono miwili. Anayeletewa isale hakatai, hata kama ulimuulia ng'ombe. Nililijua hilo vizuri sana, ndiyo maana nililichuma. Niseme ukweli, nilitaka msamaha ambao hauwezi kukataliwa.

Nikapanda Kirua siku ya Jumatano. Nilimkuta jikoni akiota moto, mkewe anamenya ndizi. Nikapiga magoti, nikatoa jani, nikamwaga yote: koti, kicheko, bahasha ambayo haikuwepo. Mkewe akaacha kumenya.

"Nilijua ni wewe," mzee akasema. "Niliambiwa jioni ile ile."

"Mbona hukuja hata kunigombeza?"

"Ningekuja, wangesema nimekuja kukutisha. Yule mwenye koti alikuwa shemeji yangu, kaka wa huyu mke wangu. Alikuja kutuambia dada yake mdogo amejifungua salama. Ndicho tulichochekea."

Akalipokea jani, akaliweka mapajani.

"Isale halikataliwi. Nimekusamehe, mama, nenda ukalale. Lakini ulisema mbele ya watu. Hapa jikoni unatuambia mimi na mke wangu, na sisi tulikuwa tunajua."

Nilikasirika! Ndiyo, mimi, mkosaji, nilikasirika. Nilishuka mlima nikinung'unika peke yangu kwamba mzee hana shukrani, nimekuja na umri wangu huu, nimepiga magoti na haya magoti mabovu. Nilipofika nyumbani hasira iliisha, ikabaki aibu. Usiku wa kwanza sikulala, wa pili sikulala. Siku ya tatu nikatoa gauni langu la kanisani nikalipiga pasi.

Jumapili nilisali Kirua, kwa Walutheri wenzangu. Kule ibada ikiisha watu hawaondoki, wanasimama nje kwa mnada wa mazao ya sadaka: mikungu ya ndizi, maziwa, kuku. Kijiji kizima kinakuwa pale. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, wajukuu wamemzunguka. Nikamwomba mzee wa kanisa anipe dakika mbili, akanipa.

Nikasema yote, kwa sauti, bila kuficha. Kwamba mtu huyu hakuuza mechi. Kwamba bahasha niliitunga mimi kwa kutaka kusikilizwa.

Halafu mwanaume mmoja wa rika langu, amekumbatia jogoo aliyemnunua, akauliza:

"Mama, na wewe amekupa ngapi?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Mzee bado hajaacha biashara!" Wakacheka zaidi. Nikaapa kwa jina la Mungu, palepale mlangoni pa kanisa lake. Nikaapa kwa kaburi la mume wangu. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoniona nimelipwa vizuri. Mzee wa kanisa akaona aibu, akanyanyua mkungu wa ndizi, mnada ukaendelea.

Nilimwendea mzee pale ukutani nikilia kama mtoto. Nikamwambia nisamehe, nimekuharibia mara ya pili. Wajukuu zake walikuwa wanatazama chini. Hakuniambia pole. Alimtuma mmoja wao alete kiti kingine, akakivuta kwa mkono wake mwenyewe mpaka kikagusana na chake.

"Miaka yote hii nakaa hapa peke yangu," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Mnada ulichukua saa nzima, na hakuna aliyekuja kutusalimia.