Mtani Wangu wa Ofisi ya Ushauri

Siku moja naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, nikiwa chuoni kama wewe. Mama yangu alikuwa amefariki, tumemzika Mbagala, hitima imesomwa, na mie sijatoa hata chozi. Watu wakanisifu: binti jasiri huyo! Jasiri wapi! Nilikuwa sili, darasani siendi, nashinda hosteli nimejifunika shuka, natamani nilale nisiamke. Nakwambia wazi kwa sababu umeshakuwa mkubwa.

Shangazi alinipeleka kwa shehe, nikasomewa. Nikatulia kidogo, kisha nikarudi kule kule kwenye shuka. Basi mwenzangu wa chumbani akanikokota hadi kwa mshauri nasaha wa chuo, mama mmoja wa Kinyamwezi. Niliona aibu, maana ofisi ile tulikuwa tunasema ya vichaa.

Nikakaa nimejitanda kanga mpaka usoni. Naye hakunibembeleza. Akauliza tu kwetu wapi.

"Mbagala. Sie Wazaramo."

"Mzaramo!" Akapiga meza. "Kumbe mtani wangu! Nasikia mmefiwa, mkazika bila kuniita. Nani kawaruhusu? Na pilau yangu ya msibani nani kala?"

Mtani haogopi msiba wako, mjukuu wangu. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana tangu enzi za mababu, hata makaburini, na hakuna kununa. Nikacheka. Toba! Kicheko kikageuka kilio, nikalia mpaka kamasi zikanitoka, naye kanishika mkono, utani kauweka pembeni, ananisikiliza.

"Kwa shehe usiache," akaniambia, "na Jumanne njoo kwangu."

Nikawa naenda kila Jumanne, mpaka hamu ya kula ikarudi.

Sasa wewe. Nikikupigia simu unasema, "Niko poa, bibi," kumbe rafiki yako keshaniambia hutoki chumbani. Mie si mtoto mdogo! Huo si uvivu, wala hujatuaibisha. Kusali sali, na kwa mshauri nenda, ukamwambie yale unayoshindwa kuniambia mie. Ukiona haya, nitakuja na kanga yangu kutoka Temeke, nikae kwenye benchi pale nje nikungoje. Nakupenda mno.

Mungu akurudishie usingizi na hamu ya chakula, akuweke mpaka unizike mie, nisije nikakuzika wewe. Na siku hiyo mtani aitwe, ale pilau yake.