Vipimo vya Mkono wa Kushoto

Fundi cherehani huyu haamini kitu mpaka akipime. Tangu dawa ya homa ya ini sugu imletee vipele, na daktari akambadilishia nyingine na kumwambia arudi mbio vikizidi, kila asubuhi huvua futi shingoni, akavipima mkononi toka vinapoanzia hadi vinapoishia, huku akiguna kama yuko mbele ya mteja mnene. Kisha huandika daftarini, kati ya kiuno cha bibi harusi na suruali ya mwalimu mkuu: inchi saba. Sita na nusu. Nne. Halafu huvaa tena shati lake la mikono mirefu, hata jua likiwaka, watu wasije wakamuuliza.

"Baba watoto, si uangalie kwa macho tu?" mkewe humwambia.

"Macho yananionea huruma. Futi haina huruma."

Leo alipima, akapima tena. Mkewe akasogea. "Kuna nini?"

"Mteja wetu wa mkononi kahama!" Akacheka mpaka futi ikamponyoka. Hakuandika kitu. Alilitandaza lile shati mezani, akapiga chaki juu ya viwiko, akashika mkasi, akaikata mikono yote miwili.