Kipande cha Ndila

Hebu mwone Wavinya akipanda njia ya mlima wa Nuu asubuhi, slasha ya kufyekea nyasi begani, kitambaa cheusi kichwani. Wenzake wa mwethya wameshaanza. Kila mwaka majani yakikauka, kundi hili la majirani hufyeka mkanda mpana kati ya msitu na mashamba, kila boma na kipande chake, ili moto ukishuka ukose cha kula.

"Mama Mutie, wewe kaa tu," Mbithe akamwambia Wavinya. "Chako tulianza nacho."

"Asanteni. Na cha Ndila?"

"Cha Ndila afyeke na meno," Katunge akasema, na wanawake wakacheka.

Wavinya hakucheka. Mwaka uliopita Ndila alikuwa ndiyo kwanza amemzika mumewe. Wavinya, mwenyekiti wa kundi, ndiye aliyesema, "Mwacheni alie kwanza. Kipande chake tutakuja kukimalizia." Walikubali kwa roho safi. Kisha maji yakaadimika, kila mtu akashikwa na foleni ya kisima, na nyasi za Ndila zikabaki zimesimama, zimefika kiunoni.

Moto ulitoka kwenye tanuri la makaa huko juu msituni. Upepo ukausukuma. Kote ulikofika ulikuta udongo mtupu, ukafa. Kwa Ndila ukakuta mlango wazi. Kisilu, mume wa Wavinya, alikimbia na matawi mabichi kuupiga, kisha akaenda kufungua zizi la Ndila. Ng'ombe walitoka wote. Yeye hakutoka.

Tangu siku hiyo watu husema nyasi za Ndila ndizo zilizomuua Kisilu, na hakuna anayetaja ni nani aliyesema aachwe. Sokoni wanamgeuzia mgongo. Kanisani kwenye benchi lake hakai mtu mwingine, na siku hizi hata yeye mwenyewe haendi. Wavinya ameyasikia hayo yote, akanyamaza. Mtu akifiwa hutafuta pa kuuweka uchungu wake, na yeye aliwekewa mahali tayari. Angefanya nini, akatae?

"Haya, tazameni!" Katunge akanong'ona. "Amesikia harufu ya uji wetu."

Ndila alikuwa amesimama chini kwenye ua wa boma lake, jembe mkononi, mwembamba kuliko alivyokuwa. Hakusogea. Hakumtazama Katunge wala Mbithe. Alimtazama Wavinya tu, kama mtu anayebisha hodi na kuogopa kuitikiwa.

Slasha zote zikanyamaza. Nyuma yake nyasi zilikuwa ndefu tena, kavu, zikichezacheza kwenye upepo.

Neno lenyewe ni fupi: mimi ndiye niliyesema aachwe. Lilikuwa limefika kooni. Lakini Wavinya alijua likitoka, kifo cha Kisilu kitatoka kwa Ndila na kuja kulala kwake yeye, usiku na mchana, na watoto wake watalisikia.

Ndila akaanza kugeuka.

Ungekuwa wewe, msomaji wangu, na mumeo amelala pale chini penye kaburi ambalo bado halijatimiza mwaka, ungemwita?