Maji ya samaki wangu yameishia kwenye makande

Jamani, leo mchana nimekula bahari.

Asubuhi nimewatoa samaki wangu wa maji chumvi kwenye tenki dogo la kioo, nikawaweka kwenye beseni. Madumu matatu ya maji ya bahari, yaliyokuja na basi kutoka Tanga, yalikuwa uani yakisubiri tenki jipya kubwa.

Nimeinama kufunga pampu tu.

Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Mhezi, kaona dumu limejaa. Hapa Same maji yakipatikana ni ya jikoni. Kabandika makande.

"Mkwe wangu, mbona chumvi sijatia hata punje?"

Nimemaliza sahani. Kaniongeza.

Samaki bado wako kwenye beseni.

Na dumu la pili ameshalowekea maharage ya kesho.