Mguu Niliushika Mimi

Mjomba wangu hupiga picha za ubongo hospitalini, na wivu wake ungepigwa picha usingeenea kwenye skrini. Miaka yote alikuwa jogoo wa chumba cha MRI. Halafu akaajiriwa binti aliyetoka chuoni juzijuzi, picha zake zikawa safi kama kioo kilichofutwa. Mashine ile ile! Mjomba akaja nyumbani amenuna kama aliyemeza shubiri.

"Bahati tu," alituambia. "Yeye hupewa wagonjwa wasiotikisika."

Asubuhi moja akarudishwa mshonaji mwenye kifafa. Dawa zilikuwa zimeshindwa, na daktari alitaka kuliona kovu la ubongoni kabla ya kuamua kama atampasua. Picha ya kwanza, kazi ya Mjomba, ilikuwa ukungu mtupu. Daktari akasema mbele ya watu, "Safari hii apige binti."

Hapo Mjomba akafura. Binti alipotoka kunywa chai, yeye akamlaza mshonaji chapuchapu. "Dada, usitikisike." Mashine ikaanza kugonga kama fundi bati aliyedhulumiwa. Mshonaji akavumilia, akavumilia, mwisho akameza mate. Ukungu. Mjomba akarudia. Ukungu ule ule.

Binti akarejea, akatazama skrini, akavuta kiti taratibu. Heri angetukana.

"Haya, cheka," Mjomba akamwambia.

"Nicheke nini, mzee? Dada wa watu anaogopa. Ingia umshike mguu. Mimi nitapiga vipande vifupi vifupi. Mashine ikinyamaza, mbonyeze, ameze mate, apumue."

"Yaani mimi niwe msaidizi wako?"

Kabla binti hajajibu, sauti ikatoka ndani: "Imeonekana?" Mjomba akamtazama mshonaji kupitia dirishani. Mkononi alikuwa na alama ya pasi, ya siku kifafa kilipomwangusha kazini. Mjomba akavua saa, akaingia, akaushika mguu.

Kovu likaonekana, dogo kama kichwa cha pini, mipaka yake wazi.

"Hongera, binti!" daktari akasema. "Sasa najua pa kupasua."

Jioni Mjomba hakuwa na wimbo mwingine. "Mguu niliushika mimi!"

"Basi mwambie daktari aupige picha huo mguu," mkewe akamjibu, "nawe usifiwe."

Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alisema mshonaji amepangiwa upasuaji wiki ijayo, na kwamba atakwenda kumjulia hali wodini mapema, kabla binti hajatangulia.